Kocha wa mazoezi anasema ana cheti cha kimataifa. Mnahakiki vipi kabla ya kumlipa?

Binti Kigamboni

Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo kabla sijatoa hela.

Mama yangu ana miaka 63. Ana presha, anatumia dawa kila siku, na kiuno kinamsumbua tangu alipoteleza bafuni mwaka jana. Alipigwa picha, mifupa ikaonekana haina shida, daktari akamwambia apunguze uzito na afanye mazoezi mepesi. Akaishia hapo. Mazoezi gani na kwa nani, hakusema.

Shemeji ametuunganisha na kocha anayefuata wateja majumbani. Kijana ana mwili wa mazoezi kweli, Insta yake ina wafuasi kibao, na amejitambulisha kama "kocha mwenye cheti cha kimataifa, mtaalamu wa mgongo na viungo". Anataka tulipie mwezi mzima kwa mkupuo, na bei ya ofa mwisho Ijumaa.

Nikamwomba cheti. Akanitumia picha WhatsApp: jina linasomeka, muhuri wa dhahabu unang'aa, ila kona ya chini kulia, pale ambapo nadhani huwa pana namba na tarehe, dole gumba limefunika. Inawezekana ni bahati mbaya tu. Nimemwomba arudie kupiga, tangu asubuhi kimya.

Sitaki kumchafulia mtu riziki. Ila huyu ni mama yangu, na atakayemshika mgongo nataka nijue anajua anachoshika. Nyie mnahakiki vipi?

Mzee Kitambo

Binti, hapo kwenye cheti unapoteza muda. Mimi nimenyanyua vyuma tangu enzi za jimu za uani, tunamimina saruji kwenye makopo ya rangi ndiyo vyuma vyenyewe. Waliotufundisha hawakuwa na karatasi yoyote. Siku hizi mtu anasoma kwenye simu wikiendi mbili anatoka na cheti kinachometameta.

Nenda kamwone akifundisha mtu mwingine. Kaa pembeni. Angalia macho yake yako kwa mteja au kwenye simu. Mteja akianza kukosea, anamsimamisha au anaendelea kuhesabu tu "nane, tisa, kumi"? Hapo utamjua.

Viungo Moshi

Shikamoo Mzee Kitambo. La kwenda kumwona akifundisha nakuunga mkono kabisa, na ningependa kila mtu alifanye. Ila vijana wenye afya mliokuwa mnanyanyua makopo ya saruji na mama wa miaka 63 mwenye presha na kiuno kibovu hawawezi kupimwa kwa mzani mmoja.

Dada, mimi ni mfiziotherapia, nimesomea KCMC hapa Moshi. Naomba nianze na hayo maneno "mtaalamu wa mgongo na viungo", maana ndiyo yaliyonishtua kuliko hilo dole gumba.

Kuna kazi mbili hapa na watu wanazichanganya kila siku. Kocha wa mazoezi anamchukua mtu ambaye mwili wake uko sawa, au tatizo lake limeshajulikana na limetulia, anamwongezea nguvu, pumzi na wepesi. Mfiziotherapia anapima mtu mwenye maumivu au aliyeumia, anatafuta chanzo, anapanga matibabu. Hiyo ya pili ni kada ya afya na ina sheria yake. Kwa Tanzania, Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi ya mwaka 2017 imeweka usajili chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Kwa hiyo mtu akikwambia anatibu mgongo, swali lako la kwanza ni fupi: namba yako ya usajili ni ipi? Mwenye nayo anaitaja bila kuona aibu, na wewe una haki ya kuipeleka Baraza kuulizia.

Kocha wa jimu hana baraza la kitaaluma la namna hiyo hapa kwetu. Ndiyo maana yeyote anaweza kuchapisha fulana yenye neno "kocha" mgongoni. Sisemi hawana elimu. Wapo waliosoma elimu ya viungo na sayansi ya michezo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wapo waliopita Chuo cha Michezo Malya, wapo wenye vyeti vizuri vya nje. Lakini kazi ya kutenganisha mwenye elimu na asiye nayo imebaki mikononi mwako wewe mteja.

Sasa kuhusu cheti cha nje. Usiishie kwenye neno "kimataifa", uliza jina kamili la taasisi iliyokitoa. Zinazofahamika zaidi ni za Marekani: ACE, NASM, ACSM, NSCA. Vyeti vyao vya ukocha vimeidhinishwa na chombo kinaitwa NCCA, ambacho kinaangalia mtihani umetungwa na kusimamiwa vipi. Ukishapata jina la taasisi, uachane na picha kabisa. Fungua tovuti ya taasisi yenyewe, utakuta sehemu ya kuhakiki cheti, andika jina lake au namba. Akiwemo utamwona. Picha ya cheti inaweza kuhaririwa kwenye simu ndani ya dakika tano, orodha ya taasisi hawezi kuigusa.

Angalia na tarehe. Vyeti hivi vinaisha muda. ACE na NASM kila baada ya miaka 2, NSCA na ACSM miaka 3, na ili kuhuisha lazima mtu awe ameendelea kusoma na awe na mafunzo hai ya kumfufua mtu aliyezimia, yale ya kukandamiza kifua. Cheti cha mwaka 2014 ambacho hakijahuishwa kinakwambia tu kwamba mwaka 2014 mtu huyu alifaulu mtihani.

Mama Pacha

Nimesoma huu uzi nikasema lazima niandike.

Nilipojifungua mapacha nilijiunga na darasa la kupunguza tumbo. Wanawake wengi, muziki mkubwa, kocha mbele. Kuanzia siku ya kwanza ni kulala chali na kuinuka, kulala na kuinuka, mpaka mtu unaona nyota. Hakuna aliyeniuliza nimejifungua lini wala kwa njia gani. Tumbo badala ya kurudi likawa linachomoza katikati kama mgongo wa samaki kila ninapoinuka kitandani, na nikaanza kuvuja mkojo nikikohoa.

Dada mmoja wa kazini akanipeleka kwa kocha mwingine, mwanamke. Kitu cha kwanza alinipa karatasi ya maswali. Una ugonjwa wa moyo? Unapata maumivu ya kifua ukifanya kazi nzito? Umewahi kuzimia? Unatumia dawa ya presha? Una mfupa au kiungo kinachoweza kuzidi kuharibika? Halafu akaniambia nilale chali, nikunje magoti, akaweka vidole viwili juu kidogo ya kitovu, akasema, "Inua kichwa kidogo tu." Vidole vikazama. Akanieleza kwamba misuli ya tumbo imeachana katikati, na ile kulala-na-kuinuka ndiyo ilikuwa inazidi kuisukuma. Akasema hanianzishii kitu mpaka nimwone mfiziotherapia wa wanawake kwanza, kisha nirudi na maelekezo. Nikaenda, nikarudi, akayafuata.

Huyo ndiye kocha. Alikataa hela yangu siku ile kwa sababu alijua kazi yake inaishia wapi.

Viungo Moshi

Mama Pacha pole sana, na asante kwa kuweka wazi. Karatasi hiyo ya maswali inaitwa PAR-Q, ilianzia Kanada miaka ya 1970, toleo la awali lina maswali 7. Haina gharama yoyote, na inajazwa kwa dakika chache. Kocha ambaye hakuulizi hata moja kati ya hayo kabla hajakuchuchumalisha, cheti chake kiwe cha wapi, kwangu hapiti.

Nai Ndani

Niaje watu wa Bongo. Huku Kenya hao wa fiziotherapia wana baraza lao wenyewe, lilianzishwa na sheria ya mwaka 2014, na ukiwaandikia unaweza kujua kama mtu amesajiliwa na leseni yake ya mwaka iko hai. Hiyo ya leseni ya mwaka usiiache. Mtu anaweza kuwa alisajiliwa zamani na hajalipia wala kusoma chochote tangu hapo.

Naongezea kuhusu yoga kwa sababu ndiyo nafanya. Nairobi kuna walimu wengi wazuri, Africa Yoga Project peke yake inafundisha vijana tangu 2007. Lakini mtu akikuambia yeye ni "RYT 200" ujue maana yake: amesoma saa 200 kwenye shule iliyosajiliwa na Yoga Alliance ya Marekani, halafu akajiandikisha kwenye orodha yao. Yoga Alliance yenyewe haikumpa mtihani. Kwa hivyo swali la maana ni shule gani, mwaka gani, na alisoma ana kwa ana au kwa video. Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa anasukuma watu mgongoni ili wafike chini, na mimi nilidhani ndivyo inavyofaa kuwa. Mwalimu wa sasa huuliza kwanza kama anaweza kukugusa, na ukisema hapana anakuelekeza kwa mdomo bila kununa.

Msafiri wa Ghuba

Nipo Dubai, kazi yangu ni mapokezi kwenye jimu. Huku kuna rejesta inaitwa REPs UAE. Kocha anayetaka kazi kwetu anaulizwa namba yake ya humo, mimi mwenyewe huingia kuitafuta kabla meneja hajampangia usaili. Uingereza nako wana CIMSPA. Kwa hiyo ndugu zangu, kocha akisema "nilifanya kazi Dubai" au "nilisomea London", usibaki kushangaa. Muulize alisajiliwa wapi, na kwa jina gani. Ikiwa alikuwa anapanga taulo pia ni kazi halali, nami nimeifanya, ila siyo ukocha.

Na kitu kingine watu hawakijui: neno Pilates halimilikiwi na mtu. Joseph Pilates alifariki New York mwaka 1967, na mwaka 2000 mahakama huko huko ikaamua kwamba jina hilo ni la aina ya mazoezi, hakuna kampuni inayoweza kuwazuia wengine kulitumia. Matokeo yake, mwenye miaka mitatu ya mafunzo na aliyesoma Jumamosi moja wote wanaandika "mwalimu wa Pilates" mlangoni, na wote hawajavunja sheria. Kinyume chake ni Alexander Technique, njia ya kumfundisha mtu mkao na namna ya kutumia mwili wake. Chama chao cha Uingereza, STAT, kilichoanzishwa 1958, kinataka mwalimu asome miaka 3, saa 1600. Mtu akijiita mwalimu wa hiyo na hajui alisoma saa ngapi, jibu umeshalipata.

Mfanyabiashara Kariakoo

Mimi nitoe tahadhari moja. Hawa makocha wakiulizwa usajili huwa wanatoa karatasi ya BRELA, TIN na leseni ya biashara. Karatasi hizo ni nzuri, zinaonyesha analipa kodi na biashara ina jina. Hazisemi chochote kuhusu kama anajua goti. Mimi mwenyewe nina zote tatu na nauza vitenge.

Mzee Kitambo

Marahaba Viungo Moshi. Nimesoma yote na Mama Pacha kanigusa.

Bado nashikilia kwamba uzoefu una uzito wake, tena mkubwa. Ila uzoefu nao uulizwe kama mnavyouliza cheti. "Nina miaka kumi kwenye fani" haitoshi. Binti amuulize: umewahi kufundisha mama wa rika la mama yangu mwenye presha? Ulianza naye vipi? Naweza kuongea naye kwa simu? Wale wazee waliotufundisha hawakuwa na karatasi, lakini mtaa mzima ulikuwa unawajua na ungeweza kwenda kuuliza nyumba kwa nyumba. Kocha wa Insta mtaa wake ni wapi? Picha za kabla na baada zinaweza kuwa za mtu yeyote.

Halafu hela ya mwezi mzima mbele, sikubaliani nayo. Lipia siku moja. Mama aseme alivyojisikia kesho yake. Kocha anayejiamini haogopi kulipwa siku kwa siku wiki ya kwanza.

Binti Kigamboni

Wakuu, amejibu.

Ametuma picha nzima, sasa inasomeka. Taasisi iliyotoa siitaji jina hapa, ila si moja ya zile alizotaja Viungo Moshi. Nimeingia kwenye tovuti yao: kozi ni ya video, mtihani unafanya mwenyewe nyumbani na unarudia mpaka ufaulu, na sehemu ya kuhakiki haipo kabisa. Cheti kilishaisha muda.

Hapo ningeweza kusema labda ana uzoefu. Nikamuuliza kuhusu presha ya mama kama mlivyonielekeza. Jibu lake, naliweka kama alivyoandika: "Siku za mazoezi asimeze dawa, jasho litashusha presha lenyewe, dawa zinafanya mwili uwe mvivu."

Nimeisoma mara mbili mbili. Viungo Moshi upo?

Viungo Moshi

Nipo. Dada, mama asiache dawa. Tafadhali mwambie leo hii, kabla kijana huyo hajampigia moja kwa moja.

Mazoezi ya mara kwa mara ni kweli yanasaidia kushusha presha, lakini ni kwa wiki na miezi, na anayeamua dawa ipunguzwe ni daktari aliyeiandika, baada ya kupima. Mtu anayeruka dawa siku ya mazoezi anaweza kwenda kwenye zoezi presha ikiwa juu, halafu zoezi lenyewe linaipandisha zaidi kwa muda. Akiinua kitu kizito huku amebana pumzi, inaruka mara moja. Ndiyo maana mtu wa presha anafundishwa kwanza kutoa pumzi wakati wa kusukuma, kabla ya kufundishwa jambo lingine lolote.

Na kocha anayejua kazi angekuuliza kinyume chake: anatumia dawa gani? Kwa sababu zipo dawa za presha, kama atenolol na bisoprolol, zinazozuia mapigo ya moyo yasipande sana. Kocha anayefuata saa ya mkononi, anataka mapigo yafike namba fulani, atamsukuma mama mpaka achoke kupita kiasi akidhani ni mvivu, kumbe dawa inafanya kazi yake. Kwa mtu kama huyo tunatumia kipimo cha maongezi: akiwa kwenye zoezi aweze kuongea sentensi nzima. Akianza kukata maneno, punguza.

Kuhusu kiuno, niseme hili hata kwa wengine wanaosoma. Mtu mwenye maumivu ya mgongo akianza kufa ganzi sehemu za siri na kati ya mapaja, au akashindwa kuzuia mkojo au haja, au miguu ikaishiwa nguvu, hiyo ni dharura ya hospitali siku hiyo hiyo, siyo kocha wala mimi. Na hata kwa mtu mzima wa afya: akisukumwa mno siku ya kwanza halafu misuli ikavimba, ikauma vibaya na mkojo ukawa wa rangi ya chai ya rangi, akimbie hospitali, misuli imevunjika na inaweza kuharibu figo. Nimeandika haya kwa sababu kocha anatakiwa ayajue kwa kichwa. Muulize kocha yeyote, "Ni dalili gani zikitokea utasimamisha mazoezi?" Mwenye elimu atakujibu bila kutafuta.

Nai Ndani

Aki hiyo ya dawa imeniuma. Na kuna wamama wengi watamwamini kwa sababu ya huo mwili wake.

Mama Pacha

Dada usimlipe hata siku moja. Na shemeji umwambie kwa upole, maana naye alitaka kusaidia. Huenda kuna watu wake wengine wanaofundishwa na huyo kocha.

Binti Kigamboni

Nimeongea na mama, dawa amemeza mbele yangu. Shemeji alinuna kidogo, nikamwonyesha ule ujumbe wa dawa, akanyamaza, kisha akasema baba yake naye yupo kwenye darasa la huyo huyo kocha na ni mtu wa kisukari. Sasa hivi yupo kwenye simu na mzee.

Kijana nimemjibu kwamba hatutaendelea, na nimemwandikia wazi sababu ni hilo la dawa, nikamwomba asimwambie mgonjwa mwingine. Amesema atafikiria. Sijui kama atafikiria, lakini nimelisema.

Swali la mwisho. Tumepata miadi ya fiziotherapia hospitalini Jumanne. Nikifika nifanye nini ili tusipoteze siku? Na baadaye mama akiruhusiwa, bado natamani kocha wa nyumbani, kwa sababu peke yake hatafanya, namjua.

Viungo Moshi

Kocha wa nyumbani ni wazo zuri sana, usiliache. Wagonjwa wengi tunawafundisha zoezi, wanafika nyumbani wanasahau. Ukienda Jumanne mwambie mfiziotherapia mapema kwamba lengo lenu ni mama aendelee na kocha, ili akuandikie kwenye karatasi vitu viwili: mazoezi anayoruhusiwa na yale ambayo asifanye kwa sasa. Karatasi hiyo ndiyo utampa kocha mpya. Atakayeisoma akauliza maswali, huyo mjaribuni. Atakayeiweka pembeni akasema "mimi nina utaratibu wangu", msindikize getini kwa heshima.

Muulize pia kama anamfahamu kocha anayeshirikiana naye. Wengi wetu tunao wawili watatu tunaowaamini, na wanatupigia wakiona kitu wasichokielewa. Ukimpata, rudia hatua zote: jina la taasisi, uhakiki kwenye tovuti, tarehe, mafunzo ya huduma ya kwanza. Hayo ya huduma ya kwanza Msalaba Mwekundu wanayafundisha hapa hapa nchini, hana sababu ya kuyakosa.

Jumanne mama abebe dawa zake zote na boksi zake, siyo kuzitaja kwa rangi. Mje na ile picha ya mgongo na daftari la presha kama anaandika. Avae kitu kilicholegea anachoweza kupandisha mpaka magotini, na viatu vya kufunga. Na asije na njaa.

Binti Kigamboni

Daftari hana, naanza kumwandikia kesho asubuhi, mashine ya jirani ipo. Nitarudi Jumanne jioni kuwaambia walichosema.